Riadha Unguja: Tartani imepatikana, sasa litafutwe sikio

KABLA jua halijachomoza, Mji Mkongwe husikika kabla ya kuonekana. Katika vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Mkunazini, ambako nyumba za mawe na chokaa zimesogeleana hadi kuacha upenyo wa watu wawili kupishana kwa taabu, mkimbiaji wa alfajiri hutanguliwa na kishindo chake. Aliyekaa barazani akisubiri kahawa anaweza kujua, bila hata kuinua kichwa, kama anayekuja ni mmoja au ni wawili, kama amechoka au ndiyo kwanza ametoka nyumbani, na kama mguu mmoja unamsumbua.

Maarifa hayo ni ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeyaita maarifa. Katika riadha ya dunia, hata hivyo, kishindo cha mguu kimekwisha kuingia katika maabara za vyuo vikuu, na makocha wa kuruka viunzi, wa miruko mitatu na wa mbio fupi wamekuwa wakikisikiliza kwa vizazi. Kwa Zanzibar, ambayo katika miaka ya karibuni imewekeza sana katika viwanja, suala la nani anasikiliza nini kando ya njia ya kukimbilia si dogo kama linavyoweza kuonekana.

Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Tangu hapo umepokea wageni wazito. Mei 2025 Simba na RS Berkane ya Morocco zilimalizia hapo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Agosti mwaka huo huo uwanja huo ulikuwa kituo kimojawapo cha mashindano ya CHAN. Mbele yapo mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, ambayo Tanzania imekabidhiwa kuyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Orodha yote hiyo ni ya soka. Riadha imepata njia zake pembezoni mwa nyasi, kama mpangaji anayepewa ukumbi wa nje, na bado haijajulikana ni nini hasa kitakachofanyika juu ya njia hizo.

Wakati huo huo, Tanzania imekumbushwa uzito wa mambo madogo. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia nchi medali ya kwanza ya dhahabu katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia marathoni kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 na ushei, tofauti yao ilikuwa fupi kuliko muda ambao wayo mmoja hukaa chini.

Hapo ndipo kishindo kinapoanza kuwa na maana. Mkimbiaji hasukumwi na kitu kingine chochote isipokuwa ardhi. Akiwa hewani hawezi kujiongezea kasi hata kidogo. Anachoweza kukifanya hukifanya katika kipindi kile kifupi ambapo wayo umegusa chini. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi wa daraja la juu, akiwa katika kasi yake kamili, kipindi hicho ni takriban moja ya kumi ya sekunde, pengine pungufu yake. Jicho la binadamu huona ukungu tu. Sikio hupokea mapigo yaliyotengana, na kila pigo lina mwanzo wake, mwisho wake, uzito wake na umbali wake kutoka pigo lililotangulia.

Mkimbiaji wa mbio ndefu anayetanguliza kisigino mbali mbele ya mwili hutoa sauti inayovunjika mara mbili: kwanza kisigino, kisha sehemu ya mbele ya wayo ikiangukia chini kwa kofi. Aliyechoka huanza kuburuza, na pigo lake hupata mkia, mkwaruzo mdogo unaobaki baada ya kishindo. Anayeficha maumivu ya nyonga au ya goti husalitiwa na mapigo yasiyolingana, moja refu na moja fupi, kama saa ya ukutani iliyoning'inizwa upande. Kocha anaweza kumuuliza kijana kama anaumwa na kijana akakana kwa sababu hataki kukosa mashindano. Miguu haikani.

Katika kuruka viunzi sikio lina kazi nyingine. Mbio za mita 110 za wanaume zina viunzi kumi vilivyopangwa kwa umbali wa mita 9.14, na kati ya kiunzi na kiunzi mkimbiaji hupiga hatua tatu. Kwa hiyo mbio nzima ni wimbo wenye beti tisa zinazofanana: tua, moja, mbili, tatu, kimya; tua, moja, mbili, tatu, kimya. Kimya kile ndicho mruko. Kikirefuka, mkimbiaji amepaa juu kuliko inavyotakiwa na anapoteza muda hewani. Hatua zikirefuka kuelekea kiunzi cha nane au cha tisa, nguvu zimeanza kumtoka. Kocha aliyefumba macho anaweza kutaja kiunzi ambacho mambo yaliharibika.

Katika mita 400 viunzi hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa umbali ni mita 35 na mkimbiaji lazima achague idadi ya hatua. Edwin Moses wa Marekani alijulikana kwa kupiga hatua 13 tangu kiunzi cha kwanza hadi cha mwisho, jambo ambalo wengi kabla yake hawakuliweza. Atumiaye idadi isiyogawanyika kwa mbili huruka kwa mguu ule ule kila mara; akichoka na kuongeza hatua moja, hulazimika kuruka kwa mguu mwingine. Afrika Mashariki ina fahari yake katika mbio hizo: John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda dhahabu ya Munich mwaka 1972 akikimbia katika njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote, na kuweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Ni mbio ambazo mtu anayesikiliza huzihesabu kwa urahisi kuliko anayetazama.

Miruko mitatu nayo hufundishwa kwa sikio karibu kila mahali inapofundishwa vizuri. Mruko wa kwanza ukiwa mkubwa kupita kiasi, wa pili huanguka. Msikilizaji husikia pengo refu, kisha fupi mno, kisha refu tena. Anayeruka vizuri hutoa mapigo yaliyoachana kwa uwiano wa karibu. Mrusha mkuki pia ana mdundo wake, kwa kuwa hatua zake za mwisho hubadilika na kuharakishwa kabla mkono haujaachia. Julius Yego wa Kenya, aliyerusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video za intaneti. Kisa chake husimuliwa kama ushindi wa macho. Kinasimuliwa mara chache kama ushahidi kwamba kijana asiye na kocha wa fani yake anaweza kusogea mbali akipewa kipimo chochote cha kujirekebishia.

Utafiti wa kisayansi umekuja baadaye kuthibitisha baadhi ya mambo hayo, na kuyapinga mengine. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Daniel Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, iliyohusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea kukimbia pekupeku. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo na hawakuwa na ule mshtuko wa ghafla unaoonekana kwa anayetua kwa kisigino. Dunia ikashangilia, viatu vyembamba vikauzwa kwa wingi, na kwa muda ikawa kama kila anayekimbia kwa kisigino ni mkosaji.

Kisha mwaka 2013 ukatolewa utafiti mwingine kutoka Kenya hiyo hiyo, miongoni mwa Wadaasanach wa kaskazini, watu ambao nao wamezoea kutembea na kukimbia bila viatu. Katika watu 38 waliopimwa, asilimia 72 walitua kwa kisigino walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa marefu. Sheria iliyodhaniwa kuwa ya maumbile ikaonekana kuwa ni mazoea, kasi na ardhi. Kocha wa Unguja anayesoma habari za kwanza bila kusoma za pili anaweza kuwaharibu vijana wake kwa nia njema kabisa.

Kuhusu sauti yenyewe, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, walionyesha kwamba wakimbiaji walioambiwa wakimbie kimya walipunguza nguvu inayoupiga mguu kutoka ardhini, na wengi walibadili namna ya kutua bila kufundishwa kitu kingine. Mwaka huo huo, watafiti wa Marekani waliwapa wakimbiaji wachache kipimo cha ukubwa wa sauti ya nyayo zao wanapokimbia, na mshtuko ukapungua. Hakuna aliyeelezwa habari za vifundo, magoti wala pembe za mwili. Waliambiwa tu wapunguze kelele, na mwili ukatafuta njia yake.

Mwaka 2018 ukatoka utafiti mkubwa zaidi kutoka Hong Kong. Wakimbiaji wapya 320 waligawanywa makundi mawili. Moja lilifundishwa kwa wiki mbili kukimbia kwa wepesi huku likitazama kwenye kioo ukubwa wa mshtuko wa kila hatua, jingine likakimbia bila mafunzo hayo. Katika mwaka mmoja uliofuata, walioumia katika kundi lililofundishwa walikuwa asilimia 16, na katika kundi jingine asilimia 38. Ni tofauti ambayo hospitali yoyote ingeitamani. Lakini matokeo hayo yana upande wake wa pili, ambao vichwa vya habari viliuruka: maumivu ya goti na ya wayo yalipungua, ilhali miongoni mwa waliofundishwa yalijitokeza zaidi matatizo ya shavu la mguu na ya ukano wa kisigino. Mzigo haukutoweka, ulihamishwa kutoka sehemu moja ya mguu hadi nyingine. Anayehamisha mzigo inafaa ajue unakokwenda, na auhamishe polepole.

Kosa kubwa zaidi lingekuwa kuichukua kanuni ya kukimbia kimya na kuipeleka katika mbio fupi. Peter Weyand na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba kinachomtofautisha mwenye kasi na asiye na kasi si jinsi anavyorudisha mguu mbele haraka hewani, bali ni nguvu anayoipeleka ardhini kila anapogusa. Mkimbiaji wa mita 100 anayenyata ni mkimbiaji anayejinyima mbio. Kishindo chake kinatakiwa kiwe kikali, kifupi na kikavu, kama mtu anayepigilia msumari kwa mkono wa ustadi. Kibaya kwake ni sauti pana, ya kofi, inayochukua muda. Hiyo humaanisha kifundo kimelegea na ardhi imemeza nguvu iliyokusudiwa kumsukuma mbele. Sauti moja hiyo hiyo, kwa hiyo, inaweza kuwa sifa kwa mmoja na kasoro kwa mwingine, na hapo ndipo mwalimu aliyefundishwa huachana na yule aliyesikia tu habari.

Tahadhari nyingine ni viatu. Tangu viatu vyenye soli nene za povu na bamba la kaboni vilipoenea, baada ya mwaka 2016, sauti za marathoni zimebadilika. Baadhi yake hupiga kofi kubwa hata kwa mkimbiaji mwepesi. Shirikisho la Dunia la Riadha liliweka kikomo cha milimita 40 cha unene wa soli kwa mbio za barabarani mwaka 2020, lakini halikuweka kikomo cha kelele. Kumlinganisha aliyevaa viatu hivyo na mwenzake wa raba ya kawaida, au mnene na mwembamba, au wa kwenye lami na wa kwenye tartani, ni kupima kitambaa kwa pishi. Kishindo humfaa mtu kulinganishwa na yeye mwenyewe: jana na leo, mzunguko wa kwanza na wa kumi, mguu wa kulia na wa kushoto.

Katika Unguja yenyewe, kila mahali pana sauti yake. Vichochoro vya Mji Mkongwe, vilivyoorodheshwa kuwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, ni walimu wazuri wa mdundo na waongo wakubwa wa jambo jingine. Ili sauti irudi kama mwangwi unaojitenga, ukuta unatakiwa uwe umbali wa mita 17 hivi au zaidi. Katika kichochoro cha mita mbili au tatu, sauti hurudi upesi mno na kujichanganya na ile ya kwanza, hivyo pigo fupi husikika refu. Kuhesabu hatua pale ni rahisi. Kuhukumu ukali wa pigo ni kujidanganya. Barabara ya Mizingani, mbele ya bahari, ina uwazi, lakini upepo wa kusi ukivuma na mawimbi yakigonga ukuta, hata mlio wa pikipiki hupotea. Viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara humeza sauti kwa nyasi na mchanga.

Pwani ya mashariki hubadilisha kabisa zamu za milango ya fahamu. Maji yakipwa huko Paje na Jambiani, hubaki eneo pana la mchanga mgumu ulioloana, na mkimbiaji anayepita hapo karibu hasikiki, ila huacha maandishi. Urefu wa hatua, wayo uliopindukia nje, kisigino kilichozama kuliko vidole, vyote husomeka hadi maji yatakapojaa tena. Kocha mwenye busara anaweza kumsikiliza kijana Jumatatu kwenye lami na kumsoma Jumamosi kwenye mchanga.

Kwa njia za Amaan, kuna fizikia ndogo isiyohitaji maabara. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kocha aliyesimama kwenye mstari wa kumalizia husikia hatua za mwanzo za mita 100 zikiwa zimechelewa kwa karibu sekunde 0.3, kwa hiyo anachokiona na anachokisikia haviendi pamoja, na akivilazimisha viende pamoja atachanganyikiwa. Anayesimama kando, katikati ya njia, ana nafuu kubwa. Tena ni vyema afumbe macho kwa mzunguko mmoja. Jambo hilo huonekana la kichekesho mpaka mtu alijaribu.

Na ipo simu. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwa walimu hurekodi picha 30 kwa sekunde, maana yake kila picha inafunika sekunde 0.033, na mguso mzima wa mkimbiaji wa mbio fupi unaishia katika picha tatu. Simu hiyo hiyo hurekodi sauti kwa vipimo visivyopungua 44,000 kwa sekunde. Akiichukua sauti ya video na kuitazama kama michirizi kwenye programu ya bure ya kuhariri sauti, mwalimu anaweza kupima muda kati ya mguu wa kulia na wa kushoto kwa usahihi ambao picha za simu yake haziwezi kuukaribia. Mabamba ya kupimia nguvu ya mguu, yanayofukiwa chini ya njia katika vituo vikubwa, ni ya gharama kubwa na yanahitaji mtaalamu wa kuyaangalia. Michirizi ya sauti haitoi kila kitu yanachotoa mabamba hayo. Haisemi lolote kuhusu mikono, kiuno wala kichwa. Lakini inatoa mdundo, ulinganifu wa miguu na dalili za uchovu, na hayo ni sehemu kubwa ya yale ambayo kijana wa miaka 15 anahitaji kurekebishwa.

Hata bila programu, mtu anaweza kuhesabu. Mwaka 1984, katika Olimpiki ya Los Angeles, kocha Jack Daniels wa Marekani alihesabu hatua za wakimbiaji wa masafa mbalimbali, na takriban wote walikuwa na hatua 180 au zaidi kwa dakika. Namba hiyo baadaye iligeuzwa kuwa amri, jambo ambalo si sahihi; urefu wa mtu na kasi yake hubadilisha hesabu. Hata hivyo kijana anayekimbia mwendo wa kati kwa hatua 150, akizitandaza mbali mbele ya mwili, mara nyingi hulipia kwa maumivu ya muundi. Kuhesabu kunataka saa na sikio.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa upya kwamba miguu husema. Zama za mitawanda, mlio wa viatu vile vya mbao uliweza kuitambulisha nyumba nzima nani anapita uani. Katika ngoma, njuga na msewe hufungwa miguuni kusudi ili kosa lisikike. Mchezaji anayechelewa nusu pigo hujulikana na wazee waliokaa mbali na duara. Gwaride la Januari 12, wakati wa sherehe za Mapinduzi, hukaguliwa kwa sikio kabla ya jicho, maana mguu mmoja uliochelewa katika safu ya mia huacha mlio unaotawanyika. Na kwa kuwa riadha ya Zanzibar kwa miaka mingi imeegemea sana vikosi kama JKU, KMKM, Mafunzo na Polisi, walio wengi kati ya wakimbiaji wake wamepita mikononi mwa masajini wenye masikio hayo. Ajabu ni kwamba ujuzi huo huishia kwenye uwanja wa gwaride.

Wapo pia wale ambao kwao sauti si ziada. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alishinda mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku kiongozi wake akiishiwa nguvu kabla ya mstari, kisha akashinda mita 5,000 na 10,000 Athens mwaka 2004. Katika kuruka chini kwa wasioona, uwanja mzima huombwa unyamaze ili mrukaji asikie sauti ya anayemwelekeza. Maelfu ya watu hukaa kimya kwa ajili ya hatua chache za mtu mmoja. Shule zenye wanafunzi wasioona zingeweza kuingizwa katika riadha kwa mlango huo, na pengine wanafunzi hao wakawa wasikilizaji bora wa hatua za wenzao.

Swali gumu ni la vikundi vya mazoezi. Zanzibar ina utamaduni wa mazoezi ya viungo ambao maeneo mengi ya Afrika Mashariki yangeuonea wivu; Januari mosi ya kila mwaka ni siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi vya mitaa hutembea na kukimbia kwa pamoja vikiimba. Ndani ya vikundi hivyo wamo vijana wenye vipaji. Lakini kukimbia kwa kufuata wimbo kuna gharama yake: mrefu na mfupi, mzito na mwepesi, wote hupiga hatua moja, na kishindo cha pamoja hufunika vishindo vyote. Kijana mwenye tatizo la muundi huimba pamoja na wengine mpaka siku asiyoonekana tena. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia. Inatosha kikundi kikatawanyika kwa mita mia mbili za mwisho na kila mmoja akapita peke yake mbele ya anayesikiliza.

Kwa wanafunzi nafasi ni nzuri zaidi. Mashindano ya shule yanayoambatana na kumbukumbu ya elimu bila malipo, iliyotangazwa Septemba 23, 1964, huwakutanisha watoto wa Unguja na Pemba, na ni miongoni mwa majukwaa machache ambako mtoto wa shamba hukimbia mbele ya watu wanaoweza kumchagua. Wanaochaguliwa huchaguliwa kwa nafasi waliyomaliza. Mtoto wa tano ambaye mapigo yake yalikuwa safi lakini amezidiwa mwili na wenzake wakubwa huondoka bila jina lake kuandikwa, na wa kwanza anayekimbia kwa kofi la kisigino hupandishwa daraja na kuongezewa mazoezi mpaka aumie. Daftari la pembeni lenye safu moja zaidi, ya mdundo na ulinganifu, lisingebadilisha mshindi wa siku hiyo. Lingebadilisha orodha ya watakaofuatiliwa mwaka unaofuata.

Zanzibar haina kiti chake katika Shirikisho la Dunia la Riadha wala katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki; wanariadha wake hupita katika timu ya Tanzania, ambako hushindania nafasi na vijana wa Arusha, Manyara na Singida waliozaliwa katika miinuko. Hewa ya mwinuko haiwezi kuletwa Unguja. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 2, 1974 kwa dakika 3:32.2 akiongoza tangu mwanzo, na Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, ni watoto wa bara. Mahali ambapo visiwa vinaweza kushindana kwa usawa ni katika fani ambazo mwinuko hausaidii: mbio fupi, viunzi, miruko na mkuki. Ndizo hizo hizo ambazo ufundi huamua zaidi kuliko mapafu, na ambazo sikio la kocha husaidia kuliko penginepo.

Kuanzisha mafunzo hayo kwa walimu wa michezo wa wilaya za Unguja hakuhitaji mkandarasi. Kunahitaji mtu mmoja anayejua viunzi, siku chache, simu ambazo walimu tayari wanazo, na ruhusa ya kutumia njia za Amaan saa za asubuhi, kabla mashine za kukata nyasi hazijawashwa na daladala hazijaanza kupiga honi nje ya ukuta.